Sura ya Saba: Maji ya Yakan

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko hupita Maracha, njia ikipanda na kuteremka kati ya mashamba ya mihogo, simsim na tumbaku, na akiisha kufika Koboko huwa amekaribia mahali paitwapo Salia Musala, ambapo ardhi ya Uganda, ya Kongo na ya Sudan Kusini zimekutana kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Mipaka hiyo waliichora wageni. Ama Wakakwa, ambao ardhi yao ndiyo iliyochorwa, wamekaa pande zote tatu mpaka leo, wakisema lugha moja, wakioana na kuzikana. Katika nchi hii, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, palikuwa na kinywaji kilichotengenezwa nyumbani kwa mmea wa porini, ambacho watu walikifuata kwa safari ya miguu, wakakitolea malipo, wakakinywa, wakakipigia gwaride, na baadhi yao wakafa kwa ajili yake. Waliokinywa walikiita maji ya Yakan, na maafisa wa Kiingereza waliokikuta wakakiandika katika taarifa zao kwa jina lake jingine, Maji ya Allah.

Nimekileta kinywaji hiki baada ya sura ya chai ya mbegu za mpopi kwa sababu ya udugu uliopo baina yao, ijapokuwa mmoja huishi Ulaya na Marekani na mwingine aliishi Nile Magharibi, yaani nchi hii ya Arua na Koboko. Msomaji atakumbuka ya kuwa mbegu za mpopi zenyewe hazina ulevi wa kutajika, na waokaji mikate huzinyunyiza juu ya unga kila siku bila ya dhara. Walakini utomvu wa tumba la mpopi, ambao ndio kasumba, hushikamana na mbegu wakati wa mavuno, na mbegu zisizosafishwa huja na mofini ambayo kiasi chake hakijui muuzaji wala mnunuzi, kwa kuwa mfuko mmoja waweza kuwa nayo mara nyingi zaidi kuliko mwenziwe, hata mtu aliyekunywa kikombe jana akaamka salama aweza kunywa kikombe kama kile kile leo akalala asiamke tena, pumzi zake zimezimwa usingizini. Huko nyuma niliieleza hatari hiyo kwa urefu, lakini niliacha swali moja bila ya jibu, nalo ni hili: mtu mwenye akili zake, asiyeshurutishwa na yeyote, hukaa jikoni mwake akajitengenezea dawa ya kumlevya kwa sababu gani? Habari za Arua na Koboko zimenisaidia kulijibu kuliko vitabu vya madaktari.

Tuitazame kwanza hali ya nchi. Mtu aliyezaliwa Maracha au Koboko mwaka 1885 alitawaliwa, angalau kwa jina, na watawala watano kabla ya kutimiza umri wa miaka thelathini. Alimkuta Khedive wa Misri, ambaye gavana wake, Emin Pasha, alikuwa amejikunyata Wadelai, kando ya Nile, na askari wake waliokatikiwa na msaada. Wakaja wafuasi wa Mahdi wakashika Rejaf. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi yote hii, iliyoitwa Lado, bila ya kumwuliza hata mzee mmoja wa Kikakwa au wa Walugbara, majirani zao wa Arua na Maracha, na mwaka 1897 majeshi ya Leopold yakawatoa wafuasi wa Mahdi huko Rejaf. Leopold alipokufa, mwezi wa Desemba 1909, nchi ilirudi chini ya Sudan, na katika pengo hilo wakamiminika wawindaji wa Kizungu wakiwaua tembo bila ya hesabu. Mwaka 1914 ikahamishiwa Uganda, na Mkuu wa Wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, akaweka makao yake Arua, akateua machifu, na watu wakadaiwa kodi.

Hayo ni ya watawala, na watawala ni nusu tu ya msiba. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki, na kwa watu ambao mahari yao, sadaka zao na suluhu zao zote zilipitia kwa ng'ombe, kifo cha zizi kilikuwa kifo cha sheria na adabu. Ndui ikaja, na homa ya uti wa mgongo, ambayo humkamata mtu asubuhi na shingo yake ikakakamaa, na pengine siku ya pili huwa maiti. Waganga waliokuwapo walikuwa na dawa za maradhi waliyoyajua, na wazee walikuwa na sadaka za kuwaridhisha mababu waliokasirika. Lakini hapakuwa na mganga wala mzee aliyekuwa na jibu la tauni iliyoua ukoo mzima pamoja na mwenye kosa na asiye na kosa.

Hapo ndipo sifa za maji zilipotoka kaskazini. J. H. Driberg, aliyekuwa afisa wa serikali katika Uganda kabla ya kuwa mwalimu wa elimu ya watu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliandika mwaka 1931 makala yenye jina la Yakan, naye aliifuata asili ya maji hayo mpaka kwa Wadinka, ambao baadhi yao, Waagar, waliiangamiza ngome ya Rumbek mwaka 1883. Kutoka huko, kabila kwa kabila, maji yaliwafikia Wakakwa, na miongoni mwao akatokea mtu aliyeitwa Rembe. Wazee wa Kilugbara walipoona watu wao na ng'ombe wao wanakwisha, walifunga safari kwenda kwake kuyatafuta maji. Hao hawakuwa wahuni wala wajinga. Walikuwa watu wa heshima waliotumwa na misiba ya majumba yao, na baadhi ya waliomwendea Rembe ndio hao hao ambao baadaye wageni waliwatambua wakawafanya machifu. Nalitaja jambo hili kwa mkazo, kwa kuwa mtu akisikia habari za kinywaji cha kulevya hufikiri upesi juu ya vijana wasio na kazi, ilhali safari ya kwanza ya kukitafuta kinywaji hiki ilikuwa safari ya wazee wenye kuwajibika.

Ndani ya maji hayo mlikuwa na nini? Maandishi yanataja mmea uitwao kamiojo, nao umeelezwa kuwa wa jamii ya nargisi, lile ua ambalo washairi wa Kiajemi hulifananisha na jicho la mpenzi. Mimea ya jamii hiyo huota kutoka katika kitunguu chini ya ardhi, na aghalabu kitunguu hicho kina sumu: baadhi yao hutapisha, na mmoja wao, unaoota kusini mwa Afrika, unajulikana kwa waganga wa huko kuwa humwonyesha mnywaji mambo yasiyokuwapo mbele ya macho yake, na ukizidi humwua. Katika jamii hiyo hiyo ya mimea wataalamu wa siku hizi wamepata dawa iitwayo galantamini, ambayo madaktari huwapa wazee waliopotewa na kumbukumbu. Kwa hiyo hatuna haja ya kustaajabu tukisoma ya kuwa waliokunywa maji ya Yakan walitetemeka mwili, wakasema maneno yasiyofahamika, wakajiona wana nguvu wasizokuwa nazo jana. Mark Leopold, aliyeandika kitabu juu ya historia ya Nile Magharibi mwaka 2005, anaihesabu kamiojo kuwa mmea wa kuleta njozi.

Hata hivyo mimi sikubali ya kuwa mmea ndio uliofanya kazi yote. Wenye kusoma historia ya pwani watakumbuka Ngarambe, karibu na Rufiji, ambako Kinjikitile Ngwale aligawa maji mwaka 1905, naye Wajerumani wakamnyonga mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na vita vya Maji Maji vikawaka mpaka 1907, watu wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa iliyofuata risasi. Maji ya Kinjikitile yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za nafaka, vitu ambavyo havilevyi hata mtoto; na juu ya hayo Wamatumbi na Wangoni waliikabili bunduki kwa imani ile ile ya kwamba risasi itageuka maji. Karibu na Koboko, ng'ambo ya Nile, Alice Lakwena wa Acholi aliwapaka askari wake mafuta ya moyaa mwaka 1986 akawapeleka vitani, nao wakafika mpaka karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwaka 1987. Mafuta ya moyaa ni ya kupikia mchuzi. Ikiwa kisicho na ulevi kimeweza kufanya hayo, basi kilichokuwa kikilevya zaidi ni ahadi iliyotiwa ndani yake, na kamiojo iliisaidia ahadi kuingia upesi mwilini.

Ahadi yenyewe ilibadilika kadiri dhiki ilivyobadilika. Katika miaka ya 1890 maji yaliahidi kuzuia maradhi. Kufika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Rembe alipoingia mwenyewe katika nchi ya Walugbara akaanza kuyagawa hapo, maji yaliahidi ya kuwa anywaye hafi. Ya kuwa mababu waliokufa watafufuka pamoja na ng'ombe walioteketea. Ya kuwa bunduki za Wazungu zitatoa maji badala ya risasi, na bunduki nyingine zitawajia wanywaji. Ya kuwa kodi haina haja ya kulipwa. Wafuasi walikusanyika wakacheza ngoma, kisha wakajipanga safu na kupiga gwaride wakiwa na bunduki za miti mabegani, kama walivyowaona askari wa Emin, wa Leopold na wa Weatherhead. Nimelifikiri sana gwaride hilo. Watu waliopigwa kwa muda wa miaka thelathini na kila aliyejua kujipanga safu walikwisha kutambua ya kuwa nguvu hukaa katika safu, na kwa kuwa bunduki za chuma hawakuwa nazo, walishika umbo lake wakingojea roho yake iwajie. Ni jambo la kumtia mtu machozi.

Jina la Maji ya Allah nalo lastahili neno. Wengi wa wanywaji hawakuwa Waislamu, walakini waliona kwa macho yao ya kuwa wenye bunduki, tangu watu wa Misri mpaka askari wa Kinubi ambao wajukuu wao wangali wanakaa Arua na Koboko na kuzungumza Kinubi na Kiswahili, walilitaja jina la Allah asubuhi na jioni, wakashinda. Kulitia jina hilo katika kibuyu ilikuwa ni kuazima silaha ya aliyekushinda. Mwanachuoni wa Kiislamu atasema ni shirki, na kwa elimu yake amesema kweli. Mwenye kusoma historia ataona humo namna watu walivyouelewa ulimwengu uliowaangukia.

Serikali iliona uasi, na haikukosea kuuona, maana mtu asiyelipa kodi na anayejifunza gwaride hakusudii kukaa kimya. Mwaka 1917 Rembe alikamatwa, akapelekwa Sudan, akanyongwa Yei. Kitanzi hakikumaliza jambo: mwaka 1919 palitokea mapigano huko Udupi baina ya polisi na wafuasi wa Yakan waliokusanyika, watu wakauawa, na viongozi wakahamishwa kutoka katika nchi yao. Mwaka huo huo wa mapigano dunia nzima ilikuwa haijapona homa kuu ya mafua iliyoanza 1918. Mnywaji wa maji ya Yakan alikuwa amekatazwa dawa yake, na badala yake hakupewa nyingine. Hili ndilo kosa ninalolilaumu katika hukumu ya wakati ule, wala si kule kuogopa uasi. Kwamba waliuliza nani anapika, nani anagawa, nani anakusanya, na hawakuuliza watu hawa wanakufa kwa nini.

Wala Waingereza hawakuwa wageni wa mambo haya. Mashariki mwa nchi yao, katika nyanda za mabwawa za Lincolnshire na Cambridgeshire, wakulima wa karne ya kumi na tisa walikuwa na mpopi mweupe katika bustani zao, na vizazi kwa vizazi walichemsha matumba yake wakanywa chai yake kwa ajili ya homa ya vipindi iliyotoka katika mabwawa, na kwa ajili ya maumivu ya viungo yaliyotokana na unyevu. Akina mama waliokwenda kulima mashamba ya watu waliwanywesha watoto wachanga ili walale mchana kutwa, na wengi wa watoto hao hawakukua. Sheria ya 1868 ilipoiweka kasumba mikononi mwa wauza dawa, matumba yaliyokuwa bustanini hayakwenda popote. Kilichoidhoofisha desturi hiyo hasa ni kukaushwa kwa mabwawa, kupungua kwa homa, na kufika kwa madaktari na dawa za kwinini na aspirini. Cambridge, mji ambao Driberg alikwenda kufundisha habari za Yakan, uko ukingoni mwa nyanda hizo hizo. Bibi wa Lincolnshire na mzee wa Maracha wangalikutanishwa, wangalifahamiana bila ya mkalimani wa kueleza sababu, maana wote wawili walikuwa na homa isiyo na daktari, na mmea ulioota karibu.

Baada ya miaka mingi maji ya Yakan yalitajwa tena kwa namna iliyowadhulumu watu wa Koboko. Idi Amin, ambaye upande wa baba yake ni Mkakwa wa Koboko, alipokuwa rais kwa mapinduzi ya 1971 na dunia ikaona umwagaji wake wa damu, walitokea waandishi waliotafuta chanzo cha ukatili huo katika mmea, wakisimulia ya kuwa mama yake alikuwa mganga wa Yakan na mtoto alinyonyeshwa wazimu. Hasha. Jeshi la mkoloni, lililomfundisha kazi, na siasa za Kampala, zilizomhitaji, zinatosha kumweleza bila ya kusingizia kitunguu cha porini. Na gharama ya visa vya namna hiyo haikulipwa na waandishi: Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa Nile Magharibi walilipiziwa kisasi na askari kwa ajili ya jina la nchi yao, wakakimbia kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, na Arua ikabaki magofu na majani.

Leo katika soko la Arua hutakuta anayeuza kamiojo. Utakuta mairungi, yamefungwa katika majani ya migomba yasinyauke. Utakuta kwete, pombe ya nafaka ambayo kina mama hupika kwa ngoma na kwa matanga. Na utakuta nguli, pombe kali ambayo imepikwa katika mapipa nyuma ya nyumba tangu kabla ya sheria ya 1965 iliyotaka kila mpishi wake awe na leseni. Waragi ya vipakiti vya nailoni, ambayo kijana aliweza kuinunua kwa sarafu chache akaificha mfukoni akienda shule, serikali iliipiga marufuku mwaka 2019, na sheria ya madawa ya kulevya, ambayo Mahakama ya Katiba iliibatilisha mwaka 2023 kwa kasoro ya namna ilivyopitishwa bungeni, ilirudishwa bungeni mwaka ule ule ikapitishwa upya. Sizibezi sheria hizi. Lakini aliyekaa jioni na vijana wa Koboko, au na wakimbizi wa Kongo walioko Lobule, au na wale wa Sudan Kusini waliojaa katika makambi ya Rhino na Imvepi tangu vita vya 2013 na 2016, atasikia kabla ya glasi ya pili habari za ndugu aliyechinjwa, shamba lililoachwa, shule iliyokatika, na atajua ya kuwa kinachomiminwa humo si nguli peke yake.

Kiswahili kina neno kwa jambo hili, nalo tumelitumia tangu mwanzo wa kitabu. Kasumba ilikuwa jina la utomvu wa mpopi uliokuja pwani kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Leo vijana wengi hawajui maana hiyo, wao wanaijua kasumba kuwa ni fikra mbovu iliyomganda mtu kichwani asiweze kuiacha. Neno limetoka tumboni likapanda akilini, na njia hiyo hiyo maji ya Yakan yaliipita, tangu dawa ya ndui mpaka itikadi ya watu waliosimama safu na bunduki za miti.

Nina ombi. John Middleton, aliyekaa na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliwahi kuwasikiliza watu walioyanywa maji haya kwa vinywa vyao, na hao wote wamekwisha kufariki. Waliobaki ni watoto na wajukuu wao, nao ni wazee sana. Tangu 2013 Arua ina chuo kikuu chake cha Muni. Naomba walimu na wanafunzi wa chuo hicho waende Maracha, Terego na Koboko wakae na wazee hao, waandike waliyoyasikia kwa Kilugbara na Kikakwa kama yalivyosemwa, wauchimbue mmea wa kamiojo wakionyeshwa na wanaoujua, waukaushe, waupime, na waulize kila nyumba, kabla ya swali lolote juu ya maji, ni nani waliokufa humo, na kwa maradhi gani.